Gashe Zegeye na Tovuti ya Wafu

Mtaani kwetu mtu aliweza kukata roho jioni, akafungwa kidevu, akawashiwa mishumaa, majirani wakamlilia mpaka sauti zikawakauka, na bado akahesabiwa kuwa hajafa. Kufa kwenyewe kulianza saa kumi na moja alfajiri, Gashe Zegeye, yaani Mzee Zegeye, alipopita na tarumbeta lake.

Ni tarumbeta la bati, refu kama mkono wa mtu mzima, limepinda katikati tangu siku alipomchapa nalo mbwa wa muuza nyama. Sauti yake ni ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia siku ambayo tayari ana mafua. Likilia mara tatu, mtaa mzima unafumbua macho bila kutoa hata kidole nje ya gabi, shuka letu zito la pamba, maana sisi wa Debre Birhan, mji wa baridi kali, hatupotezi joto kwa jambo ambalo bado hatujalijua. Tunasikiliza tu.

"Ato Wolde! Kanisa la Mikaeli! Saa sita!"

Basi. Jina, kanisa, saa. Hakuna masikitiko makubwa wala mapenzi ya Mungu wala marehemu atakumbukwa kwa ucheshi wake. Anatembea hatua arobaini akichechemea kwa goti la kulia, analipuliza tena, anarudia maneno yaleyale. Kufika saa moja kila mtu anajua afue nini, avae nini, na amwombe bosi ruhusa ya saa ngapi.

Nasema kila mtu. Hata waliomlaani, na mimi nilikuwa mwenyekiti wao.

Kabla ya hapo Gashe Zegeye alikuwa mtu wa kiwanda cha mablanketi. Kazi yake ilikuwa kuvuta mnyororo wa honi, zamu iingie, zamu itoke. Aliuvuta miaka kumi na tano. Halafu siku moja wakaleta kengele ya umeme inayolia yenyewe, wakamshukuru, wakampa blanketi, wakamwonyesha geti. Mtu aliyefukuzwa kazi na kengele hasahau. Ukimtajia chochote kinachotumia umeme anakutazama kana kwamba umemtukania mama.

Edir yetu, yaani chama chetu cha kuzikana, ndiyo iliyomwokota. Inaitwa Edir ya Nyuma ya Kiwanda, kwa sababu tunakaa nyuma ya kiwanda na siku ya kuchagua jina hapakuwa na mshairi. Ina mahema mawili, mabenchi sitini, masufuria ambayo Etiye Tsehaynesh, shangazi wa mtaa mzima, huyafungia kwa kufuli mbili, na ina mwenyekiti, Shambel Ayalneh. Shambel ni cheo cha kapteni. Jeshini alikuwa stoo, akilinda viatu, lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani vile viatu vilikuwa vimezingirwa na adui.

Mwezi wa Hidar Shambel alirudi kutoka Amerika, alikokwenda kumtembelea mwanawe. Alirudi na kofia ya sufu na wazo. Kofia haikumdhuru mtu.

"Ndugu wanachama," alisema kwenye mkutano wa Jumapili, baada ya kanisa, "dunia imekwenda. Kule kwa mwanangu hata kanisa la chumba kimoja lina tovuti. Mtu akifa, unafungua simu, unamwona. Sisi bado tunaamshwa kama punda!"

Watu wakacheka, na mimi nikapiga makofi, jambo lililonigharimu. Macho yote yakanigeukia. Nilisoma mambo ya kompyuta miaka miwili kabla chuo na mimi hatujaachana kwa makubaliano ya upande mmoja, na tangu hapo mtaa mzima huniita Injinia, na kicheko kidogo mwishoni, kama mkia.

"Injinia ataijenga," Shambel alisema. "Tutaijaribu kuanzia mwezi wa Tir mpaka Pasaka. Kwa muda huo tarumbeta litapumzika. Tovuti ikifanya kazi vizuri, basi Pasaka tutamuaga Gashe Zegeye kwa heshima zote, na kwa zawadi ya blanketi."

Gashe Zegeye alikuwa benchi la nyuma, amejifunika gabi mpaka masikioni.

"Blanketi?" alisema. "Shambel, mimi blanketi nimeshapewa na kengele. Mkiniongezea la pili nitawafunika nalo nyote, mfe kwa joto, tuone hiyo simu itamtangaza nani."

Watu walicheka tena. Mimi nilikuwa nimekaa upande, niliona mkono wake chini ya gabi, umelishika tarumbeta kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto kwenye umati. Ule mshahara wake haukuwa mshahara wa kugombania. Ila mwenye tarumbeta hafungiwi mlango na yeyote, wa tajiri wala wa mlevi, na hakuna kikombe cha kahawa kinachomiminwa mtaani asikaribishwe. Bila hilo tarumbeta angekuwa mzee mwenye goti bovu ambaye mashine imemshinda mara ya pili.

*

Kuna kipindi kimoja chuoni nilihudhuria chote, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu alisema kabla hujagusa kompyuta jiulize: tovuti hii ni ya nani, na huyo mtu anakuja kutafuta nini? Nikaibeba hekima yangu hiyo moja nikaipeleka kwa kamati.

"Ni ya wanachama," Shambel alinijibu.

"Wanakuja kutafuta nini?"

Akafikiri. "Wanakuja kumjua mwenyekiti wao."

Kwa hiyo ukurasa wa mbele ukawa hivi. Juu, picha ya Shambel na medali zake nne, kubwa, inajaza kioo cha simu. Chini yake salamu za Shambel. Chini ya salamu, historia ya edir tangu enzi za mfalme, iliyoandikwa na Shambel. Maua meupe yanadondoka kutoka juu mpaka chini, bila kukoma, kama theluji ya kule kwa mwanawe. Washinti inapigwa, ile filimbi yetu ya huzuni. Pembeni kuna kihesabio cha wageni, maana Shambel alitaka kujua tunatazamwa na wangapi. Na mwishoni kabisa, ukiwa bado una bando na uhai, kuna neno dogo: Matangazo. Ukilibonyeza unafika kwa marehemu.

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Mama yangu ni mwanachama, na alishaniambia hataki kuja kuzikwa na watu wachache kwa sababu ya mdomo wangu.

Kilichobaki ni orodha ya wanachama, nani anakaa wapi, ana watoto gani na wako wapi. Kitabu cha edir kililiwa na panya mwaka ule wa mafuriko. Orodha ilikuwa sehemu moja tu, kichwani mwa Gashe Zegeye. Nikaenda kumtafuta kwenye stoo ya masufuria, ambako Etiye Tsehaynesh alikuwa anakaanga kahawa.

"Karibu, Injinia nusu," alisema Gashe Zegeye. "Umekuja kunipima kaburi?"

"Nimekuja kuchukua majina, Gashe."

"Zegeye, acha roho mbaya, mpe mtoto majina," alisema Etiye Tsehaynesh. "Kaa mwanangu, nizikwe mimi badala yako. Kula kolo." Kwa akina mama wa kwetu kuzikwa badala yako ni neno la mapenzi, na kolo ni shayiri ya kukaanga.

"Asizikwe mtu mpaka tovuti iishe," alisema Gashe Zegeye. "Hebu nione huyo adui yangu."

Nikamfungulia kwenye simu. Aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Akamtazama Shambel. Akasukuma juu. Shambel bado. Akasukuma. Salamu za Shambel. Akasukuma. Maua yakamdondokea, washinti ikalia, mfalme akapita.

"Na maiti yuko wapi?"

"Huku chini, Gashe. Unabonyeza hapa."

Alinirudishia simu. "Kwa hiyo maiti anapanga foleni nyuma ya Shambel?"

Etiye Tsehaynesh aliacha kukaanga.

"Tena na maua anamwagiwa nani?" aliendelea. "Aliyekufa au aliyekaa stoo akihesabu viatu?"

Nikacheka, nikala kolo ya watu, nikaandika majina mia mbili na kumi na nane yaliyotoka kichwani mwake nyumba kwa nyumba bila kukosea mlango. Halafu nikaondoka nikaiacha tovuti vilevile. Nani anabishana na mwenyekiti kwa sababu ya mpuliza bati?

*

Mwezi wa Tir, wiki ya pili, akafa Ato Dagne, fundi viatu. Nikaandika tangazo, nikaliweka, nikatuma ujumbe kwa simu za wanachama wote: fungua tovuti, kuna msiba. Kisha nikalala. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mtaani kwetu mtu alikufa kimya kimya. Ilikuwa raha, nisidanganye.

Saa mbili asubuhi nikaamshwa na vilio. Natoka nje nakuta akina mama kama thelathini wanakwenda mbio, netela zao, zile shuka nyeupe nyepesi, wamezivaa upande wa msiba, pindo shingoni, wanajipiga vifua. Mimi nikajua wanakwenda kwa Ato Dagne, nikasema moyoni, unaona? Imefanya kazi! Wakapita nyumba ya Ato Dagne. Wakaendelea mpaka kwenye geti la Shambel Ayalneh, wakaanguka chini pale.

"Woyne! Shambel wetu! Shambel wetu kaenda!"

Geti likafunguliwa. Shambel akatoka na kofia ya Amerika, mswaki mdomoni.

"Nani kafa?"

"Wewe!" akapiga ukelele yule aliyekuwa mbele kabisa, akazimia.

Wengine walifikiri ni mzimu. Muuza nyama alivuka ukuta ambao tangu hapo hajaweza kuuvuka tena. Na mngewalaumu kwa lipi? Umeambiwa kuna msiba, unafungua simu, unakuta picha ya mtu na medali zake, maua yanamdondokea, filimbi inalia. Nani atasukuma mpaka chini kumtafuta marehemu, na marehemu anamwona hapo hapo anamkodolea macho?

Ubaya ni kwamba wakati tunamwagia maji aliyezimia na kumfariji Shambel kwa kuwa hai, saa ya kanisa, ambayo siku hiyo ilikuwa saa tatu, ilipita. Ato Dagne, aliyeshona viatu vya mtaa mzima, alizikwa na watu kumi na wanne, na wanne kati yao ni wale wa kuchimba kaburi. Kwetu hilo si dogo. Mtu anahesabiwa kwa waliomsindikiza.

Kwenye kamati Shambel alikubali maua yaondolewe. Picha akaikatalia. Nikaipunguza, nikaandika chini yake: Mwenyekiti, yu hai. Hakupenda. Ndipo nikarudi stoo.

Gashe Zegeye alikuwa ameshacheka siku tatu mfululizo mpaka akapata kikohozi. Safari hii aliponiona hakucheka.

"Dagne alinitengenezea hiki," alisema, akinyoosha mguu wa kulia. Soli ya ndani ilikuwa imeinuliwa kidogo ili goti lisiumie. "Hakutaka hata asante. Watu kumi na wanne!"

"Nimekosea, Gashe."

"Umekosea nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Akaguna. "Ukienda nyumba ya msiba, mlangoni unakuta nini?"

"Hema."

"Umewahi kumkuta mwenyekiti amesimama mlangoni na medali, anakusimulia habari za mfalme kwanza?"

"Hapana."

"Kwa hiyo? Mtu ana usingizi, ana baridi, ana hofu kwamba jina linalokuja ni la mtu wake. Sikio lake lina nafasi ya vitu vitatu. Jina. Kanisa. Saa. Ukimwongezea cha nne, cha kwanza kinadondoka. Unafikiri mimi sijui maneno mazuri? Nayajua. Nimeyaacha nyumbani miaka ishirini na miwili."

Safari hii sikumwomba mtu ruhusa, nikaivunja tovuti yote. Nikaweka jina, kanisa, saa, kwa herufi kubwa ambazo mama yangu anazisoma bila miwani, bila muziki, inafunguka hata kwa bando la mkopo. Shambel na mfalme wake wakahamia nyuma, kwenye ukurasa wao, ambako waliishi kwa amani na wageni wawili, mmoja akiwa Shambel.

Na ikafanya kazi. Mwezi wa Yekatit tulizika wawili, na mara zote mbili mabenchi sitini hayakutosha. Watu wakaanza kusema, lakini kumbe ni kweli, tarumbeta la nini tena? Hapo ndipo nilipoelewa mzee amefanya nini. Amenifundisha kunoa kisu kitakachomkata.

"Gashe," nilimwambia, "mbona umenisaidia? Ungeniacha na maua yangu, Pasaka wangerudisha tarumbeta wenyewe."

"Na hao wawili wangezikwa na nani? Maiti hana kosa," alisema, akaniomba kolo yangu.

*

Zikabaki wiki mbili Pasaka ifike. Tulikuwa kwenye mfungo, watu wana hasira za njaa, siku ya Jumanne. Saa tatu asubuhi Shambel akanipigia.

"Ato Mersha amefariki hospitalini sasa hivi. Weka!"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi! Tarumbeta lingengoja mpaka kesho alfajiri. Sisi tuwe tumemtangaza kabla hajapoa. Wataona!"

Dakika nne, nilipima kwa saa. Ato Mersha! Kanisa la Mikaeli! Kesho saa sita! Nikakitazama kihesabio: wageni thelathini, hamsini, tisini. Mimi, niliyeshindwa na chuo, nilikuwa naipita alfajiri yenyewe. Nikanunua chai nikajipongeza.

Chini ya ukurasa kulikuwa na namba yangu ya simu, kwa maoni na marekebisho. Ikalia. Namba ndefu, ya nje.

"Hiyo ni edir ya Nyuma ya Kiwanda?" Sauti ya mwanamke, ya adabu kabisa.

"Ndiyo dada, karibu."

"Naomba mrekebishe. Kuna makosa kwenye tovuti. Mmeandika jina la baba yangu."

Chai ilinimwagikia, sikusikia moto.

"Haloo?" alisema. "Mersha ni baba yangu. Mimi ni Hirut, niko Beirut. Juzi nimezungumza naye. Itakuwa ni Mersha mwingine, eti, kaka?"

Sasa nyinyi mliozaliwa kwetu mnajua, na msiojua mjue: habari ya kifo haipigwi kwa simu. Mtu wa karibu na marehemu anafichwa, hata siku tatu, hata wiki. Watu wanakubaliana, wanakusanyika asubuhi, wanaingia kwake kwa pamoja, wenye mikono ya kumshika na wenye sauti ya kulia naye, ndipo anaambiwa. Akianguka, anaangukia watu. Hata aliye Arabuni hutafutiwa wenzake wa huko wamwendee. Mimi nilikuwa nimemwangusha Hirut kwenye kihesabio.

Nilikimbia. Nilikimbia na simu imewaka mkononi mpaka stoo, nikamsukumia Gashe Zegeye.

"Hirut wa Ato Mersha. Ameona."

Sikuwahi kumwona akishika simu kwa mkono mzima. Aliishika.

"Hirut? Ni Zegeye. Zegeye wa tarumbeta. Ndiyo. Uko na nani hapo?" Akasikiliza. "Unapiga pasi. Zima pasi. Umeizima? Weka mbali. Kaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, mgongo ukutani. Usikate."

Akaifunika simu kwa kiganja, akamgeukia Etiye Tsehaynesh. "Mpwa wako yuko mji gani?"

"Beirut hiyo hiyo." Mama wa watu alishaanza kulia na huku anatafuta simu yake kwenye mfuko wa aproni.

"Mwambie asiende mmoja. Wawe wanne. Wavae netela kama wanazo."

Akarudi kwenye simu. Hakumwambia baba yake amekufa. Hakumwambia hajafa. Alimwuliza chumba hicho kina madirisha mangapi. Alimwuliza mama mwenye nyumba anamlipa vizuri au ni mbwa. Alimkumbusha siku alipokuwa na miaka sita akaiba tarumbeta akalipuliza saa nane mchana, na watu kumi wakatokea wamevaa nguo za msiba. Nilimsikia Hirut akicheka kidogo upande wa pili, halafu kicheko kikapinda, na Gashe Zegeye akakiacha kipinde, akawa anasema tu, "Niko. Niko hapa. Niko." Saa nzima na nusu. Kwa goti lile bovu, hakukaa. Mpaka tukasikia kwenye simu mlango unagongwa, na sauti za wanawake wanne zikaingia kwa pamoja, kwa lugha ya nyumbani. Ndipo akaniwekea simu mkononi.

"Kata," alisema. "Sasa ameambiwa."

Nikakata.

"Unafikiri nilikuwa nangoja alfajiri kwa ajili ya nini?" aliniuliza. "Kwa kuwa napenda baridi? Mtu akifa, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hajaambiwa. Nani mjamzito, nani ana moyo mbovu, nani yuko safarini. Kama bado, napita kichochoro chake bila kupuliza. Kupuliza ni kitu cha mwisho kabisa, mtoto wewe. Mnakiona hicho tu kwa sababu kinapiga kelele."

Nikakumbuka mwaka aliokufa mjomba wangu. Tarumbeta lililia mtaa wa juu, likalia mtaa wa chini, kwetu likapita kimya. Nilidhani mzee amelewa, nikamsimulia mtaa mzima kwa vicheko. Saa moja asubuhi waliingia wanawake kumi na mmoja, wakamzunguka mama.

*

Mkutano uliitishwa Jumapili iliyofuata. Shambel alisimama bila kofia.

"Kumetokea kosa dogo la kiufundi," alianza, na jicho lake likanitafuta mimi.

"Shambel," alisema Etiye Tsehaynesh kutoka kwenye benchi la akina mama, "kosa la kiufundi ni sufuria kutoboka. Hili ni kosa la adabu. Kaa."

Akakaa. Viatu vya jeshi zima havikumsaidia.

Wengine walitaka tovuti ifutwe siku hiyo hiyo. Mimi sikuitetea. Nilisimama nikasema niliyoyafanya, kwamba niliambiwa niweke nikaweka, wala sikuuliza swali hata moja, nikakaa. Aliyeitetea ni Gashe Zegeye.

"Isifutwe. Yule mtoto wa Beirut tarumbeta langu halimfikii hata nikipasuka mapafu. Walio nje nao ni wetu. Ila mlango wake uwe na mtu."

"Mtu gani?" aliuliza Shambel.

"Mimi."

Kicheko kikazuka, maana simu ya Gashe Zegeye ni ile ya vibonyezo, na kibonyezo cha tano hakipo.

"Chekeni. Jina lisipande mpaka mimi niseme watu wake wameambiwa. Alfajiri napuliza, ndipo Injinia anaandika, si kabla. Baada ya siku ya tatu jina linatoka. Maiti haachwi mlangoni mpaka aote ukungu. Na namba ya simu pale chini iwe yangu. Anayepiga pale hatafuti marekebisho, anatafuta mtu."

Mikono ilinyooshwa mingi mpaka katibu akaacha kuhesabu. Shambel, ambaye kusema kweli si mtu mbaya, ni mtu wa picha tu, akakohoa akasema, "Basi iandikwe kwamba Gashe Zegeye ndiye msimamizi wa tovuti. Na tarumbeta linarudi."

"Na blanketi langu?"

"Si ulilikataa?"

"Nilikataa la kuagwa. La cheo nalitaka."

Akapewa. Likabaki swali moja, nikaliuliza mimi. "Siku ambazo hakuna msiba, ukurasa wa mbele uwe na nini?"

Shambel akainua kichwa, uso ukamng'aa. "Labda pic..."

"Hapana!" ukajibu ukumbi mzima.

Gashe Zegeye alikuwa ameshajifunika blanketi jipya, anatafuta mlango. "Andika ukweli," alisema. "Leo hakuna aliyekufa."

Nikaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Kihesabio nilikiondoa kwenye ukurasa, lakini mimi bado nakiona kwa nyuma, na naweza kuwaambia: siku za msiba tovuti yetu inafunguliwa na mia mbili, mia tatu. Siku za Leo hakuna aliyekufa wanafika elfu moja. Beirut, Jeddah, Minnesota, Pretoria. Wanafungua asubuhi kabla ya kazi, wanasoma maneno matatu, wanafunga. Hirut alimpigia Gashe Zegeye kumwambia huwa anayasoma kabla ya kuwasha pasi.

Na hapo ndipo mzee aliponilipa deni la kuliita tarumbeta lake ng'ombe mwenye mafua. Amesema habari kama hiyo haiwezi kuandikwa kwa kubahatisha. Lazima kila siku athibitishe. Kwa hiyo kila alfajiri, saa kumi na moja, msiba uwepo usiwepo, anazunguka mtaa kwa goti lake na kiatu cha Ato Dagne, halafu anakuja kugonga dirisha langu kwa lile bati.

"Injinia!"

"Naam, Gashe."

"Wote wazima. Waambie."

Mtaa mzima unakoroma. Natoa mkono mmoja nje ya gabi, kwenye baridi, naandika.